Marupurupu ya Kunguru

Wapo wanaomwagia kunguru makombo uani kila asubuhi wakiamini wamejipatia rafiki. Hapa mwambao, urafiki huo una historia. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kama mfanyakazi wa usafi: ale taka, mji upendeze. Taka bado zipo, na yeye amezaliana hadi bara, akijipatia vifaranga na mayai ya ndege wenyeji. Makombo ya uani, basi, ni marupurupu tu. Mshahara tunamlipa sote, jalalani.

Watetezi watasema ndege huyu ana akili. Ana akili, na hapo ndipo penye tatizo. Huko Seattle, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walivaa kinyago mwaka 2006, wakanasa kunguru wachache na kuwaachia. Miaka ikapita, na kila aliyekatiza na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakuwahi kunaswa. Wale ni wa jamii nyingine, sawa, lakini wetu hawaonekani kuwa wazito wa kuelewa. Mwenye uani anayedhani anafuga, yumkini ndiye anayefugwa. Siku akichelewa, paa zima litamkumbusha. Na hoja ya kwamba kunguru hulipa fadhila kwa kuleta vifungo na vipande vya kioo? Pengine. Ila kwetu anajulikana zaidi kwa kubeba sabuni karoni, kwa hiyo kabla ya kuipokea zawadi, ni busara kumuuliza jirani amepotelewa na nini.