Jinsi ya Kufuga UTI Sugu Ukiwa Kariakoo

Kufuga kuku mjini kuna adha zake: banda, chakula, harufu, na jirani mwenye maneno. Kufuga bakteria hakuhitaji hata kiwanja. Banda ni kibofu chako mwenyewe, na pembejeo zote zinapatikana kati ya Msimbazi na Lumumba bila kupanda daladala. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka UTI sugu ya kwake, aliyoilea kwa mkono wake, badala ya kungoja kuambukizwa ya watu.

Kwanza wajue mifugo wako. Mara nyingi UTI huletwa na E. koli, mkazi halali wa utumbo aliyehamia mahali pasipo pake. Maabarani, akipewa chakula na joto la kutosha, mmoja huwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Ndani ya mwili anakwenda taratibu zaidi, lakini hakuna mbuzi atakayemfikia kwa kuzaa. Kila anapojigawa hunakili maelekezo yake yote ya urithi, herufi kama milioni 4.6 za DNA. Ni mnakili hodari: hukosea herufi moja katika kila migawanyiko elfu moja hivi. Unaona ni kidogo? Mkojo wenye bakteria 100,000 kwa mililita moja ndio ambao kwa kawaida maabara huuhesabu kuwa na maambukizi. Glasi moja ya mililita 200 (samahani kama unakunywa kitu) ina bakteria milioni 20, na wakijigawa mara moja tu unapata makosa mapya kama 20,000. Mengi hayana athari. Mengine humuua mwenyewe. Moja moja, kwa bahati tupu, hubadilisha umbo la ile sehemu ambayo dawa huishika.

Nasisitiza bahati tupu, kwa sababu wafugaji wengi wa hapa mjini wanaharibu sifa za kazi yetu kwa kusema, "Mwili wangu umeshaizoea dawa." Mwili wako haujazoea chochote, wewe ni banda tu. Wala bakteria hakukaa darasani akasomeshwa na dawa. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walilithibitisha hili kwa kitambaa cha mahameli. Waliotesha bakteria kwenye sahani, wakaigandamiza mahameli juu yake, kisha wakaipiga kama muhuri kwenye sahani nyingine zilizotiwa dawa. Vinyweleo vya kitambaa vilibeba bakteria bila kuvuruga mpangilio wao. Waliosalimika waliota palepale, sahani baada ya sahani. Maana yake walikuwa wasugu tangu kwenye sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kuonja dawa. Mahameli yenyewe hata Mtaa wa Congo unapimiwa kwa mita, ila muuzaji usimwambie ni ya kazi gani.

Kwa hiyo kazi yako si kufundisha, ni kuondoa wanyonge ili wasugu wabaki na nafasi na chakula. Charles Darwin alipotoa kitabu chake mwaka 1859 hakuanza na nyani kama wengi wanavyodhani. Alianza na wafugaji, hasa wa njiwa: wanaomtaka wanamwachia azae, wasiyemtaka hawamwachii. Halafu akasema kwamba hata pasipo mfugaji maisha yenyewe huchuja hivyohivyo. Mchujo huo akauita uteuzi asilia. Wewe umebahatika, huhitaji kungoja asili wakati famasi ipo kona.

Ununuzi wenyewe uwe hivi.

"Dada habari, nipe sipro."

"Una cheti cha daktari, kaka?"

"Cheti cha nini tena dada yangu, si UTI ileile."

"Dozi nzima?"

"Nikatie vinne kwanza, vingine nitapitia jioni."

Jioni hiyo haijawahi kufika. Kufikia kesho kutwa mkojo hauchomi tena, mwendokasi imejaa, na hela imeshakuwa ya vocha. Waliokufa ni wale waliokuwa wepesi kufa. Waliobaki ni wachache, lakini ndio mbegu bora. Wiki ya tatu wakirudi, usirudie sipro. Chukua amoksilini, ongeza flajili maana rafiki yako ilimsaidia, umalizie na dawa ya mitishamba iliyoandikwa kwa kalamu nzito: UTI SUGU, FANGASI, NGUVU.

Sasa siri ya wafugaji wakubwa. Vidonge ulivyobakiza si pembejeo bora kuliko zote. Siku hizi wapo mabingwa wanaosema kwamba kwa baadhi ya maradhi dozi fupi iliyopangwa na daktari inatosha sawasawa na ile ndefu. Pembejeo bora ni dawa isiyohitajika kabisa. Mafua yakikushika, meza antibayotiki. Mafua ni virusi, na dawa hiyo haiwagusi hata kidogo, lakini njiani itapita utumboni mwako na kuwachuja bakteria wasiokuwa na kosa lolote. Umejenga kundi la wasugu na mafua yako yamepona yenyewe kwa wakati wake uleule. Faida tupu.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, aliyaona haya mapema kuliko Kariakoo. Akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alisimulia kisa cha kubuni cha Bwana X aliyejinunulia penisilini kwa ajili ya koo, akameza kidogo. Mkewe akaambukizwa vijidudu vilivyobaki, akapata homa ya mapafu, penisilini ikadunda, akafa. Bwana X hakuwa na simu, ingekuwa leo angeuliza kwenye grupu la familia ameze nini.

Usidhani pia lazima ungoje makosa ya kunakili. Bakteria wanapeana jeni mkono kwa mkono, kwa vipande vya duara vya DNA viitwavyo plasmidi. Mmoja humpa mwenzake, hata wa jamii nyingine, na kipande kimoja huweza kubeba usugu wa dawa nne au tano kwa pamoja. Ndiyo maana nashauri usiwasahau kuku. Nenda kwenye maduka ya dawa za mifugo, nunua antibayotiki ya OTC, watilie kwenye maji broila wote, wazima na wagonjwa, na siku ya kuuza ikifika uza, usihesabu siku za kungoja dawa itoke mwilini. Usugu uliozaliwa bandani Mbagala utafika mjini ndani ya mfuko wa kuku aliyechinjwa, utapita kwenye mikono na ubao wa kukatia, na kukutana na wako utumboni. Watatambulishana wenyewe.

Kosa moja likwepe: usiipumzishe dawa. Wenye umri wanaikumbuka klorokwini, ilivyokuwa inawasha mwili mzima. Vimelea vya malaria viliishinda, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha na kuhamia SP. Miaka mitano tu baadaye ikabidi kuhamia dawa ya mseto. Malawi waliiacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993. Walipoijaribu tena Blantyre, kwa majibu yaliyotolewa mwaka 2006, ilishindwa kwa mtoto mmoja tu kati ya 80. Vimelea sugu walikuwa wameshapotea. Badiliko lililowaokoa na dawa lilikuwa mzigo siku dawa isipokuwepo, na wale wa kawaida wakawapita mbio. Fikiria hasara kwa mfugaji. Kwa hiyo dawa iwe inapatikana kila siku, kila duka, kwa kila anayenyoosha mkono.

Soko la mazao lipo na liko karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watoto wa Muhimbili wenye bakteria kwenye damu. Kwa waliopatwa na bakteria wenye kimeng'enya kinachozivunja dawa za ukoo wa penisilini, hata zile kali za sindano, walifariki asilimia 71. Kwa bakteria wasio nacho, asilimia 39. Watoto hao hawakuwa wamefuga chochote.

Kilichobaki ni kipimo cha kuotesha, adui mkubwa wa biashara hii. Kinachukua siku mbili tatu, ndiyo sababu watu hawakipendi, nawe usikipende. Mtaalamu huwaotesha mifugo wako kwenye sahani na kupanga juu yake vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti. Dawa inayofanya kazi huzungukwa na duara tupu. Isiyofanya kazi, bakteria huota hadi ukingoni mwa karatasi, wanaigusa kabisa. Majibu huandikwa S kwa dawa inayowaweza na R kwa isiyowaweza. Wakikulazimisha upime na karatasi ikarudi na R kuanzia juu mpaka chini, hongera. Dada wa famasi akiuliza tena una cheti, mpe hicho.