Nani Hulipia Kuni?

Mahali ni bekari ya zamani katika Mji wa Kale, Mombasa, ndani ya uchochoro usiopitisha gari. Ni Jumapili usiku, baada ya isha. Mafundi wamelala kidogo kabla ya zamu, na tajiri yuko nyumbani na daftari la madeni. Wanaozungumza ni BIBI TANURI, wa matofali na udongo, mkubwa wa wote. BOFULO, mkate aliyebaki rafuni tangu asubuhi. NANKATAI, biskuti mkaazi wa mtungi wa kioo, mwenye lozi moja kifuani na majivuno ya lozi mia. MZEE TOSTI, mkavu kwa mwili na kwa maneno. MKATE WA SUPAMAKETI, ambaye hakualikwa. Na PAKA, asiye na kazi yoyote bekarini na kwa sababu hiyo anajua kila kitu.

NANKATAI: Mmemwona mgeni wa leo? Kashuka treni Miritini, hata hotelini hajafika, kaja moja kwa moja kwangu na begi mgongoni. Kaniuma kidogo tu, kafumba macho, machozi yakamtoka. "Ladha ya utotoni!" Mwanamume mzima, nimemliza.

PAKA: Ulikuwa moshi. Alisimama upande wa upepo.

NANKATAI: Na picha alipiga. Mimi peke yangu, mimi na mtungi, mimi na mkono wake.

BOFULO: Alinunua ngapi?

NANKATAI: Mambo ya moyo hayahesabiwi.

PAKA: Nne. Akaomba apunguziwe, ati alipokuwa mtoto mbili zilikuwa kwa thumuni. Halafu akamsihi tajiri asiupake ukuta rangi, kwa kuwa masizi yale ni historia.

BIBI TANURI: Masizi yale ni kikohozi. Muulizeni fundi wa usiku.

MZEE TOSTI: (akipukutika kidogo) Msimcheke mgeni. Analilia enzi zetu. Enzi za samli safi, hiliki ya kutwangwa kwa mchi, unga usiochanganywa na kitu. Watu walikuwa watu, na mkate ulikuwa mkate.

BOFULO: Babu, kwa heshima zote, enzi zipi hizo? Wewe ulitoka motoni Ijumaa.

MZEE TOSTI: Ijumaa za zamani hazikuwa kama hizi.

BOFULO: Ni Ijumaa ya juzi! Hukununuliwa, Jumamosi ukakatwa vipande, ukarudishwa ndani kukaushwa. Beseni la kukandia ni moja, mimi na wewe.

MZEE TOSTI: Anayekaushwa hupata busara upesi, mjukuu wangu. Hata binadamu ni hivyo hivyo. Mtu akihama mtaa miaka mitano, akirudi anaanza kusema "zamani hapa".

BIBI TANURI: Basi niulizeni mimi niliyekuwapo. Samli safi ilikuja wiki ya Idi. Siku nyingine zilizobaki ni mafuta ya kopo, tena kopo la bei ya chini. Nimeyanusa tangu tajiri huyu hajazaliwa. Nayanusa mpaka leo. Nankatai, hayo uliyo nayo mwilini unayajua mwenyewe.

NANKATAI: Bibi, mbele ya watu?

BIBI TANURI: Lakini hiyo wiki ya Idi, mngeiona! Majiko ya oveni hayakuwapo majumbani. Kila nyumba ilikanda kwake, watoto wakaleta masinia vichwani baada ya tarawehe. Huku biskuti za mchele, huku keki ya mayai kwenye sufuria isiyo na mkono, huku nankatai za Bi harusi mpya, hazilingani hata mbili. Kila sinia lina alama yake: uzi mwekundu, kifungo cha shati, karatasi yenye jina iliyofungwa ukingoni na mara nyingi ikaungua kabla ya biskuti. Hapo ndipo ugomvi. Mama fulani kapelekewa sinia la mama fulani, kaonja, kanyamaza, kwa kuwa la mwenzake ni tamu zaidi. Kuna nyumba mbili mtaani hapa hazijasemeshana vizuri tangu Idi moja, na sababu ni kifungo cha shati.

PAKA: Hizo nyumba nazijua. Moja hunipa samaki.

NANKATAI: Mimi ukoo wangu si wa masinia ya mtaani. Sisi tumetoka Surati. Huko Bara Hindi husimuliwa kwamba Waholanzi walifungua bekari, wakaondoka, mwokaji wao Mparsi akaiendeleza, na biskuti ndogo ya kukauka ikazaliwa hapo. Kisha tukapanda jahazi, tukaja na kaskazi.

BIBI TANURI: Na abiria wengine wote wa jahazi, mchele na vitambaa, walikuja na kaskazi hiyo hiyo. Hawakuomba kuwekwa kwenye mtungi.

(Sauti inatoka ndani ya begi la shule lililotundikwa nyuma ya mlango.)

MKATE WA SUPAMAKETI: Samahani, wazee. Hamjambo?

BOFULO: Nani huyo?

PAKA: Kifungua kinywa cha kijana wa tajiri. Hukificha humo, hukila akifika shule.

BIBI TANURI: Mtoto wa bekari anakula mkate wa kununua? Ndani ya nyumba yangu?

MKATE WA SUPAMAKETI: Msimlaumu. Mimi ni laini, nimeshakatwa vipande, na mfukoni nina tarehe ya mwisho wa matumizi.

BOFULO: Tarehe yangu mimi ni saa mbili asubuhi. Baada ya hapo naitwa jiwe, na kesho kutwa naitwa Mzee Tosti.

MKATE WA SUPAMAKETI: Isitoshe, nimevaa. Wewe unatembea uchi ndani ya gazeti la juzi. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Kenya nzima, vazi langu liliachwa, maana ni la kiwandani.

BIBI TANURI: Ndiyo sheria zilivyo. Mwenye bekari ya uchochoroni alivuliwa siku ile ile. Mwenye kiwanda akaachiwa nguo. Si kitu. Vikapu vya ukindu tulikuwa navyo.

PAKA: Na wenye kuvipiga picha wapo. Juzi nilivuka Nyali na gari la taka, msiniulize kwa nini. Kuna mkahawa mpya huko, jina lake lina "Bibi" ndani yake. Hakuna bibi. Nimezunguka jikoni mara mbili. Kuna oveni ya umeme na kijana mwenye aproni mpya. Anauza nankatai sita ndani ya boksi, limefungwa kamba ya katani, na karatasi ndogo ya kueleza kuwa zimeokwa kwa mapishi ya jadi ya Pwani. Kwa bei ya boksi lile, nyumba ya watu saba inakula bofulo wiki nzima.

NANKATAI: (kwa sauti ya chini) Wana lozi ngapi?

PAKA: Tatu.

NANKATAI: Tatu!

MZEE TOSTI: Wageni hao. Sisi ndio wenyeji, sisi ndio asili.

BOFULO: Asili gani, babu? Ngano nyingi inayoliwa nchini hutoka ng'ambo. Narok wanalima, lakini haitoshi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, ni mimi niliyepungua uzito uchochoroni hapa, sentimita moja kila upande, na tajiri akiapa kwamba kipimo ni kile kile. Nimeshuka Kilindini kwa meli kama simu na mitumba. Nikitafutwa asili yangu hapa nitapatikana kwenye maji na chumvi.

PAKA: Kwa kuwa mmefika kwenye habari za tajiri, kuna jambo nililisikia chini ya meza yake. Sikutaka kuwakatia usingizi.

BIBI TANURI: Tangu lini wewe ukajali usingizi wa mtu? Sema.

PAKA: Anahesabu kwamba bofulo hailipi. Zamani mafundi walijaza tanuri mara tatu kila alfajiri. Sasa ni mara moja, na bado Bofulo yuko rafuni usiku huu, tunamwona. Mtaa unanunua supamaketi. Kwa hiyo anafikiria kuwasha Ijumaa mpaka Jumapili tu, wakati wa wageni, aoke nankatai peke yake. Na ukuta hatapaka rangi.

NANKATAI: Alhamdulillahi! Mwishowe mtu ameniona.

MZEE TOSTI: Na mimi?

PAKA: Wewe hukutajwa.

(Bibi Tanuri ananyamaza kwa muda. Joto la asubuhi bado linatoka tumboni mwake polepole.)

BIBI TANURI: Nankatai, wewe huingia ndani yangu saa ngapi?

NANKATAI: Jua likishapanda. Saa tatu hivi.

BIBI TANURI: Na nani huwa ametangulia?

NANKATAI: Bofulo. Lakini yeye ni wa kazi, mimi ni wa...

BIBI TANURI: Tulia nikueleze, kwa sababu umekaa kwenye mtungi mpaka umesahau moto. Saa nane za usiku fundi hujaza kuni tumboni mwangu. Zinawaka mpaka masizi ya juu yaungue yenyewe na matofali yawe meupe. Makaa hutolewa, sakafu hupigwa gunia lililoloa maji. Fundi hurusha unga kidogo ndani: ukigeuka mweusi papo hapo, anangoja, ukiwa wa kahawia taratibu, anasoma Bismillahi na kusukuma mikate kwa ubao mrefu. Moto ule wa kwanza ni wa Bofulo, hakuna mwingine anayeuweza. Ungeingia wewe, ungetoka mkaa wenye lozi. Akitoka Bofulo, joto limeshuka, zinaingia keki. Zikitoka keki, limeshuka tena, ndipo uingie wewe, uive chini huku uso umebaki mweupe na kupasuka unavyojisifu. Usiku mlango unazibwa, na kwa joto la mwisho kabisa anakaushwa huyu mzee wa juzi. Kuni ni zile zile za saa nane. Nani amezilipa?

NANKATAI: ...Tajiri.

BIBI TANURI: Amezilipa kwa fedha ya nani?

BOFULO: Usimsumbue, Bibi. Amekwisha kuelewa.

BIBI TANURI: Hajaelewa bado. Wewe, lozi zako zote na machozi ya wageni wako, unaokwa kwa joto lililobaki. Wanaokuokea ni wale mama wa asubuhi wanaomtuma mtoto na hela iliyokunjwa mkononi, achukue bofulo tatu, moja ya deni. Siku bofulo ikikatika, kila nankatai itabeba mzigo wa kuni peke yake, na bei yake itakuwa ya Nyali. Tena mimi si jiko la kuwasha kwa kidole. Nikilala baridi siku nne, matofali yananywa unyevu wa bahari. Kunirudisha kwenye joto ni kuni za kutwa nzima, na kila nikipoa na kuwashwa kwa pupa, udongo unapasuka. Mwaka mmoja wa mtindo huo, wageni watakuja kupiga picha ya shimo.

MZEE TOSTI: Wataliwekea kibao.

PAKA: Na kiingilio.

MKATE WA SUPAMAKETI: Mimi nasikitika, kweli. Lakini kosa langu ni lipi? Watu wananitaka.

BOFULO: Huna kosa. Unauzwa mpaka saa nne za usiku, na sisi tunafunga saa nne za asubuhi. Hilo tajiri angelifikiria kabla ya masizi. Halafu niseme na hili, maana kila mtu amejisifu isipokuwa mimi. Mwaka 2024 serikali ilitaka kumtoza mkate wa kawaida VAT ya asilimia 16. Unakumbuka kilichofuata?

PAKA: Namkumbuka kila aliyekimbia. Nilikuwa chini ya gari.

BOFULO: Pendekezo la mkate liliondolewa mapema, vijana wakaendelea kuandamana kupinga mengine yote, na tarehe 26 Juni rais akatangaza kutoutia saini mswada wenyewe wa fedha. Hasira zao zilikuwa nyingi, lakini mkate ulikuwa mstari wa mbele, mikononi na kwenye mabango. Nankatai, mwenzangu, hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili yako.

NANKATAI: Huwa wananililia.

BOFULO: Wanakulilia, naam. Mara moja kwa mwaka, wakiwa likizoni.

NANKATAI: Basi tufanye nini? Nisiuzwe?

BIBI TANURI: Uuzwe. Kijana wa tajiri anakuja saa kumi na moja kuchukua begi lake. Paka, utamkalia mlangoni asipite, mpaka atazame ubao wa bei.

PAKA: Nitalalia begi lenyewe. Mkate ule ni laini kweli.

MKATE WA SUPAMAKETI: Tafadhali!

BIBI TANURI: Kwenye ubao kuna chaki, kijana ataandika. Babake akiamka atakuta mstari mpya, na ninavyomjua, atasema ni wazo lake. Mzee Tosti, wewe ndiye msomi, toa maneno.

MZEE TOSTI: Enzi zetu matangazo yaliandikwa kwa...

WOTE: Babu!

MZEE TOSTI: Haya. "Nankatai haiuzwi peke yake. Kila nankatai nne, chukua na bofulo moja. Kupiga picha ni bure kwa aliyenunua mkate. Kuanzia leo tuko wazi jioni pia, alasiri mpaka isha. Bei ya bofulo haijapanda."