Nifuteni Kwenye Video Yenu

Nimeshiba ushauri. Nairobi hii kila mwenye simu na taa ya duara ana mambo kumi ya kumfundisha mwanamke anayesafiri peke yake. Usivae cheni. Usivae hereni za kuning'inia. Usiache glasi yako mezani, usitazame simu barabarani, usionekane hujui njia, na njia yenyewe usiulize. Tabasamu, ila usizidishe. Ukinuna watasema una dharau, ukicheka watasema umewaita. Ukiyafuata yote sawasawa utaishia chumbani hotelini, umevaa sweta, unatafuna njugu, na hata huko kuna kijana mwingine ana video ya jinsi ya kusaka kamera iliyofichwa kwenye taa ya bafu.

Anayesababisha tahadhari zote hizi hana video yake. Sijapata kumwona mshawishi yeyote wa mitandaoni amejisimamisha mbele ya kamera akasema, "Kaka zangu, leo nawapa mambo kumi ya kutofanya mkimwona dada anasubiri gari usiku." Labda haiuzi.

Ningeendelea kunung'unika nikiwa kitandani, mahali ninapopapenda kuanzia saa tatu usiku, lakini binti wa kaka yangu alikuja kutembea kutoka Tanga. Kaka akapiga simu. Hakuuliza hali. "Dada, mtoto anataka kwenda Westlands usiku. Usimwache peke yake." Mtoto mwenyewe ni mhasibu, amejilipia nauli na hoteli, na amewahi kwenda Kigali na Kampala peke yake bila kumpigia mtu simu. Lakini kaka akishasema, limesemwa. Nikatafuta viatu vya kufunika vidole.

Binti alikuwa na orodha ya vilabu aliyoitoa kwa mshawishi mmoja mwenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa mitaa kadhaa ninayoijua. Kila kilabu kimepewa alama. Hiki ni "salama 100%", kile "salama sana", kile kingine "salama mkiwa kikundi". Nikamuuliza, hiyo mia kwa mia imepimwa na chombo gani? Akanionyesha video. Mshawishi ni mwanamume, mrefu, kifua kama cha askari wa gwaride. Anafika na gari lililotumwa na kilabu. Anakalishwa meza ya bure, chupa inaletwa ikirusha fataki, mabaunsa wawili wamesimama nyuma ya kiti. Kisha anaigeukia kamera na kutangaza kwamba wanawake wajisikie huru kabisa mahali hapa. Nipe mabaunsa wawili hata mimi, halafu nipeleke mzunguko wa Globe saa nane usiku, nami nitakwambia pana upepo mwanana.

Kwa wasiopafahamu, Westlands ya usiku ni Woodvale Grove na barabara ya Mpaka, mtaa ambao watu waliubandika jina la Electric Avenue zamani, kabla hata ya hawa watoto kuzaliwa. Kilabu kimekaa ubavuni mwa kilabu, kila kimoja kinapiga muziki wa kumnyamazisha jirani, na wewe uliye katikati unasikia nyimbo nne kwa mpigo na huelewi hata moja. Chini wamo wauza smoki na mayai, wenye bodaboda, na vijana wanaokuvuta mkono uingie kwao. Kule Waiyaki Way ile barabara ya kulipia imepita hewani, watu wa magari wanateleza juu. Mwanamke anayetafuta matatu ya Kangemi anavuka chini mbio mbio, mkoba kwapani.

Mlangoni tulikuta ni usiku wa akina dada. Wanawake wanaingia bure hadi saa nne, wanaume wanalipa. Binti akaona ni ukarimu. Mimi nimeishi mjini miaka mingi, nikipewa kitu bure huwa natazama nani amekilipia. Wale wanaume waliopanga foleni na pesa mkononi walikuwa wanalipia nini hasa? Muziki ulikuwa unasikika hadi barabarani bila kiingilio.

Baunsa akanimulika mkoba kwa tochi kana kwamba nimetoka kuvunja benki. Akatoa chupa yangu ndogo ya maji, akatoa pafyumu, akatoa na kijiko cha plastiki, ambacho alikitazama kwa muda mrefu. "Mathe, hii haiingii." Wakati huo huo ananipita kijana mwenye stendi ya kamera ya miguu mitatu, chuma kitupu, kizito cha kutosha kumlaza ng'ombe, na anafunguliwa kamba kwa heshima zote. Nikauliza kijiko changu kina kosa gani ambalo chuma kile hakina. Nikauliza kwa sauti. Nikauliza na mambo mengine yaliyokuwa yamenikaa rohoni tangu nitoke nyumbani. Kumbe kamera ya yule kijana ilikuwa imeshawashwa.

Ndani ndipo nilipoelewa kwa nini nimekuwa na hasira hii bila kujua niielekeze wapi. Yule kijana alipanda juu ya kiti, akawasha taa, akaanza kuzungusha simu ukumbi mzima, laivu, anataja jina la kilabu na jina la mtaa na kusema yuko hapo hadi asubuhi. Taa ile ilipogeuka, uliona watu wanainama kama mtama kwenye upepo. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani alijiziba uso na menyu. Mwingine akageukia ukuta, akabaki ameganda hivyo hivyo, glasi mkononi, mpaka mwanga ulipopita. Sikujua wanamkwepa nani. Pengine mume aliyeachwa na hajakubali kuachwa. Pengine bosi aliyeambiwa mtu ana homa. Pengine hawamkwepi yeyote, wanataka tu kucheza bila watu wasiowajua kuwajadili viuno. Kijana aliendelea kuzunguka, na ndani ya hotuba ile ile akawakumbusha dada zake wasimwambie mtu yeyote mahali walipo.

Sheria ipo. Watu wanadhani ukishaingia mahali pa starehe sura yako imekuwa mali ya nyumba pamoja na viti. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilikitoza kilabu cha Casa Vera cha hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hata Tanzania kwa kina kaka ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nilimweleza kijana habari hizi, nikipiga kelele kuushinda muziki. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Lakini mathe, umetokea poa."

Sitaki mtu aseme shangazi anachukia kamera. Machi 2022 dereva mwanamke alizingirwa na wenye bodaboda kwenye barabara ya Forest, ile inayoitwa sasa Wangari Maathai, wakamdhalilisha mchana kweupe. Isingekuwa mtu aliyerekodi, tungeambiwa hakuna kilichotokea. Video ile ilisambaa, watu wakakamatwa, Rais akatoa amri. Kumrekodi anayefanya uovu ni jambo moja. Kumrekodi anayecheza, ukamtangazia dunia yuko wapi na amevaa nini, ili upewe chupa yenye fataki, hilo ni jambo jingine, na mtu mzima hahitaji kuchorewa picha.

Halafu kuna habari ya mchele. Nairobi ukisema fulani kawekewa mchele, hakuna anayefikiria pilau. Magazetini, mchele ni kisa cha mwanamume aliyetiliwa dawa kwenye kinywaji, akaamka kesho yake hana simu, hana saa, hana gari, na nchi nzima inamcheka kwa huruma. Mwanamke akiwekewa dawa kwenye kinywaji, kisa kinageuka mahojiano: alikuwa na nani, alivaa nini, nani alimnunulia. Januari 2024 wasichana waliuawa katika vyumba vya kukodi kwa siku, na tarehe 27 mwezi huo wanawake wakajaa barabarani kuandamana, hapa mjini na miji mingine. Hata kabla hawajarudi nyumbani, watu walikuwa wameshajazana mitandaoni kuuliza marehemu alifuata nini kule. Baadaye mwaka huo huo polisi walitangaza kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa kati ya Agosti na Oktoba. Miezi mitatu. Na mara nyingi anayeshukiwa si jambazi wa uchochoroni bali ni mume, mpenzi, mtu aliyekuwa na nambari yake ya simu. Sasa uniambie hereni za kuning'inia zinaingia wapi.

Binti wa kaka yangu hakuwa amebweteka, niseme ukweli. Orodha ya mshawishi aliichukua kwa ajili ya muziki tu. Usalama alikuja nao mwenyewe. Kidole chake cha pete kilikuwa na pete ya ndoa ya bandia, na mume wa bandia ana jina, ana kazi bandarini, na ana wivu. Picha zake haweki mtandaoni mpaka ameshaondoka mahali. Gari likija hamwulizi dereva "Wewe ndiye fulani?" maana kila mtu atajibu ndiye, humwuliza, "Umekuja kumchukua nani?" Akishapanda, anampigia rafiki yake na kusoma nambari ya gari kwa sauti, kwa uchangamfu, kama anayesoma salamu za sikukuu. Nilimtazama nikachoka kwa niaba yake. Kazi yote hiyo, na bado hajacheza hata wimbo mmoja.

Kama mshawishi angetaka kweli kujua mahali gani pana usalama, angekwenda kwenye foleni ya choo cha wanawake. Pale mlangoni alikuwapo mama mmoja wa makamo, leso kiunoni, ana ndoo, tishu, pipi na bigijii kwenye kisahani. Nilikuwa nimesimama karibu naye alipotokea mwanamume amemshika msichana mkono juu ya kiwiko. Msichana macho yamelegea, kiatu kimoja hana. Mwanamume akasema ni mpenzi wake, anampeleka nyumbani. Mama hakugomba. Aliweka ndoo katikati ya mlango wa kutokea.

"Anaitwa nani?"

Mwanamume akacheka.

"Mpenzi wako anaitwa nani?"

Akataja jina. Mama akamwinamia msichana, akamwuliza polepole jina lake, akajibiwa jina jingine kabisa. "Basi huyu tutakaa naye hapa, mpaka aje mwenzake aliyekuja naye." Wanawake wa foleni ya choo, wote waliokuwa wamebanwa, wakasogea wakasimama nyuma ya ndoo. Mwanamume akaangalia saa, akakumbuka ana shughuli. Rafiki alipatikana, kiatu kilipatikana chini ya meza, na mama akarudi kuhesabu tishu zake. Nilimwuliza kama kilabu kinamlipa kwa kazi hiyo. Akanitazama kama anayetazama mtoto. Hata kwa kazi ya choo hakimlipi, akasema. Anaishi kwa kile watu wanachoacha kwenye kisahani, na siku hizi kila mtu anasema hana pesa taslimu.

Yote yale yalitokea hatua chache kutoka kwa kijana wa laivu. Alikuwa ametupa mgongo. Anarekodi fataki.

Kabla ya kuondoka nilimfuata nikamwambia anifute. Nikamtajia tena ile faini, tarakimu moja moja, na safari hii akanisikiliza, maana milioni ni neno linalopenya muziki wowote. Binti akaongea naye kwa upole wa kwao Tanga, wakakubaliana ataniziba uso. Tukapanda gari, tukasoma nambari kwa sauti, mume wa bandarini akapigiwa simu akaambiwa tunakuja.

Uso alinizibia, ahadi ni deni. Alinibandika katuni ya kuku, mwekundu, mdomo wazi. Sauti aliiacha kama ilivyo, kuanzia kijiko mpaka mwisho. Kaka yangu alipiga simu hata jua halijachomoza. Sura yako sijaiona, akasema, lakini nani mwingine Nairobi nzima anayemgombeza baunsa kwa lafudhi ya Pongwe, ya kwetu Tanga? Nikafungua video nijionee. Kina dada chungu nzima walikuwa wameandika kwamba sasa wanapaamini mahali pale kwa kuwa pana mtu mzima. Wanaume walitaka kujua kuku huyo anafika siku gani, na kama naye anaingia bure.