Namna ya Kuziua Figo Kabla ya Filimbi ya Mwisho

Kijana wa Kabondo-Dianda, ukitaka kuzitesa figo zako, kazi ni nyepesi. Subiri joto la mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijashuka. Mechi ianze jua likiwa utosini. Usiku wa kuamkia mechi kesha na pombe ya lutuku, asubuhi usiguse maji. Goti likiuma, nunua ibuprofeni au diklofenaki ya rejareja sokoni, meza mbili, ingia uwanjani. Hayo ukiyafanya kwa pamoja, figo hazina pa kukimbilia.

Sababu ni hii. Ukiwa umetulia, figo hupata karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Huchuja takriban lita 180 kwa siku, na mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Ukikimbia kwa nguvu, damu huelekea kwenye misuli na ngozi, figo zikabaki na kidogo. Jasho lisilorudishiwa maji hupunguza hicho kidogo. Hapo mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini ili mishipa ya figo isijibane, na vidonge ulivyomeza huzuia prostaglandini hizohizo zisitengenezwe. Umejifungia mlango mwenyewe.

Na makocha nao wana njia yao: kumchukua kijana aliyepumzika miezi mizima na kumpigisha mazoezi ya adhabu siku ya kwanza. Misuli huchanika, mabaki yake huingia kwenye damu na kuzielemea figo, mkojo hugeuka rangi ya chai kavu. Aliyerithi jeni ya seli mundu kwa mzazi mmoja, na kwetu Kongo ni wengi, yuko hatarini zaidi.

Anayezipenda figo zake afanye mazoezi, tena kila siku, lakini ya wastani: yale ambayo unaweza kuongea ukiwa unakimbia ila kuimba huwezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 60 kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, na angalau dakika 150 kwa wiki kwa watu wazima. Mazoezi hayo hushusha shinikizo la damu na sukari, na hao ndio wauaji wakuu wa figo duniani. Kunywa maji safi kadiri ya kiu. Kujilazimisha madumu nako hushusha chumvi ya damu hadi mtu akazirai.

Ukipimwa mkojo baada ya mechi kali ukakutwa na protini, usiogope. Pumzika siku mbili, upimwe tena. Ikibaki, au miguu ikivimba, nenda hospitali. Mkojo mweusi au wa damu usiusingizie mpira: malaria kali na kichocho huuleta pia.

Ukubwa wa mwili haumkingi mtu. Mchezaji wa mpira wa kikapu Alonzo Mourning, aliyecheza Chuo Kikuu cha Georgetown pamoja na Dikembe Mutombo wetu, aligunduliwa ugonjwa wa figo mwaka 2000. Alipandikizwa figo ya binamu yake mwaka 2003, na mwaka 2006 akatwaa ubingwa wa NBA na Miami Heat. Ugonjwa wake ulionekana kwa sababu alipimwa.

Makocha, sogezeni mechi hadi jua lianze kuinama, wekeni ndoo ya maji pembeni, na kabla ya kugawa jezi mwulizeni kila kijana amemeza nini leo.