Sifa za Mwali wa Bati

Washairi wetu wamesifu majahazi, wamesifu mnazi, wamesifu hata tambuu. Sijamwona aliyesifu moduli ya Wi-Fi na Bluetooth, kile kipande cha bati chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kinachogandishwa pembeni mwa bodi ndogo za Linux. Ni dhuluma ya muda mrefu, na kwa kuwa nimeishi na kipande hicho kuliko nilivyopenda, najitwika kazi ya kuiondoa.

Sifa zake ndogo nazipitia upesi. Ni ya bei nafuu. Inafundisha jiografia: usipoitajia msimbo wa nchi inajihesabu raia wa nchi 00, isiyo na bendera wala ubalozi, na ukiiambia iko Marekani, ilhali ruta ya sebuleni inarusha kwenye chaneli ya 13, itakana kabisa kuwapo kwa ruta hiyo, maana Wamarekani hawaitumii chaneli hiyo. Inapenda usawa: baadhi huja na faili moja la mipangilio lenye anwani ile ile ya mtandao, kwa hiyo ukiwasha bodi mbili nyumba moja kila moja inadai ndiyo yenyewe, na ruta inazihudumia kwa kubahatisha. Inahimiza kushirikiana, kwani Wi-Fi na Bluetooth hugawana antena moja na masafa yale yale ya 2.4 GHz, na ndiyo maana kaswida hukatika kwenye spika mara tu mtu anapoanza kupakua faili.

Sifa yake kuu, inayostahili utenzi mzima, ni kuona haya. Moduli hii imetawishwa. Mwali wa zamani wa pwani hakuonekana barazani, na sauti yake hukuijua mpaka taratibu za posa zitimie. Siku hizi mila hiyo imelegea Mvita na Unguja, lakini ndani ya kile kibati imehifadhiwa kikamilifu.

Kwanza kuna kubisha hodi. Moduli haikai macho ikingoja wageni. Iko pini ya kuamsha upande wa Wi-Fi na pini nyingine ya upande wa Bluetooth, na zisipopewa umeme kwa wakati wake, bodi inachungulia kwenye njia ya SDIO na kukuta chumba kitupu. Pini hizo lazima zitajwe katika mti wa vifaa, ile hati inayoieleza kerneli, kiini cha Linux, nini kimeunganishwa wapi. Hiyo ndiyo barua ya posa. Ukikosea namba ya pini, barua imekwenda kwa jirani. Ukiandika kwamba pini huamsha kwa volti ya chini kumbe ni ya juu, unamlaza mwali kila unapodhani unamwamsha. Ukisahau ile saa ya 32.768 kHz ambayo baadhi yao huitegemea kuhesabu usingizi wao, huambulii ndiyo wala hapana. Unaambulia kosa -110, ambalo kwa lugha ya kerneli ni kwamba tumesubiri, tumechoka, tumeondoka.

Barua ikipokewa, zinadaiwa zawadi. Chipu inapopata umeme huwa haina akili ya kazi kichwani. Kerneli ndiyo huipelekea famwea, programu yake ya ndani, na hufanya hivyo upya kila umeme unaporudi. Faili lisipokuwepo unapewa kosa -2, yaani hakuna kitu cha jina hilo. Jina utatajiwa vizuri, herufi kwa herufi. Pa kulipata hutatajiwa. Na ukilipata linafuata la pili, la maandishi, lenye siri za mwilini: kioo chake kinapiga 26 MHz au 37.4 MHz, antena imefungwaje, mawimbi yaruhusiwe nguvu kiasi gani. Hapo ndipo adabu ya mwali inapofika kileleni. Ukimpelekea faili la dada yake wa bodi nyingine hakuaibishi mbele za watu. Anapokea, anajitambulisha kwa jina, anaonekana kwenye orodha ya vifaa akiwa salama salimini, kisha mtaa mzima wenye ruta kila dirisha hauoni mtandao hata mmoja.

Bluetooth naye yumo nyumba hiyo hiyo, ila mlango wake uko uani. Yeye hapiti SDIO, anapita njia nyingine iitwayo UART, na ana famwea yake na kasi yake. Salamu za kwanza hutolewa kwa kasi ya 115200, halafu pande zote mbili hukubaliana kuhamia kasi kubwa zaidi. Mmoja akihama na mwenzake akabaki, mazungumzo yote yanageuka vurugu. Kwenye Raspberry Pi 3, iliyotoka mwaka 2016, Bluetooth alipewa UART iliyo bora, na terminali ya fundi ikasukumiwa UART ndogo ambayo kasi yake huyumba saa ya ndani ya chipu kuu inapobadilika. Mafundi waliozoea bodi za kabla yake walijikuta wakisoma herufi zisizo za lugha yoyote.

Bodi yangu ilikuwa ya saa ya ukutani ya msikitini, ile yenye taa nyekundu zinazoonyesha nyakati za sala. Ilitakiwa ijirekebishe kwa intaneti na ipokee maelekezo kutoka simu ya Maalim kwa Bluetooth. Maalim alipita kunijulia hali, akaitazama bodi, nyaya, kompyuta na miwani yangu. "Mwanangu," akasema kwa upole, "ile saa ya zamani ilitaka betri moja tu." Nikamjibu kwamba hii ni ya kisasa, Maalim. Akaitikia kwa kichwa, akaniombea dua, nami nikaona wazi kuwa dua hiyo ilikuwa ya wagonjwa.

Hapa utenzi wangu unavunjika vina. Mwali huyu hakujitawisha. Kuna waliomfungia, na funguo wanazo.

Nilimwandikia muuzaji wa bodi nikiomba hati ya kiufundi ya moduli aliyoigandisha yeye mwenyewe. "Rafiki mpendwa," akajibu, hati hiyo ni siri ya mtengenezaji. Nikamwandikia mtengenezaji. Akanijulisha kwamba hati hutolewa kwa waliosaini mkataba wa usiri, na mkataba husainiwa na makampuni, watu binafsi hapana. Kitu nimekinunua. Usafiri nimelipa, ushuru nimelipa. Halafu naambiwa ni pini ipi inayokiwasha ni siri! Pini! Jambo ambalo mtu mwenye multimita na subira atalipapasa mpaka alipate! Mshindani mwenye maabara ameshaifungua chipu hiyo na kuipiga picha tabaka kwa tabaka, hana shida na hati ya mtu. Anayefichwa ni mnunuzi peke yake, aliyekwisha kutoa pesa.

Kisingizio kipo, tena kimevaa kanzu ya sheria. Wanasema famwea ikiwa wazi watu watapandisha nguvu za mawimbi na kuvuruga rada na majirani. Basi tuwakumbushe mfano wa kampuni ya Atheros. Mwaka 2008 walitoa kiendeshi cha ath9k kilicho wazi, kwa chipu za PCI ambazo hazidai kupakiwa famwea yoyote. Mwaka 2013, wakiwa tayari chini ya Qualcomm, famwea ya ndugu zake wa USB nayo ikatolewa wazi. Rada zinafanya kazi mpaka leo.

Na walinzi wa funguo wenyewe hawatulii mahali. Broadcom, ambao chipu zao zimo ndani ya bodi nyingi sana za aina hii, waliuza kitengo kinachozitengeneza kwa Cypress mwaka 2016 kwa dola milioni 550. Mwaka 2020 Infineon wakainunua Cypress yote. Chipu ni ile ile, wenyewe watatu kwa miaka minne, na fundi anayetafuta faili hana budi kuwa mtaalamu wa nasaba.

Wauzaji wa bodi nao wana ukarimu wao. Wanakupa mfumo mzima uliokwisha pikwa, unapakua na kuwasha, na Wi-Fi inafanya kazi, alhamdulillah. Chungulia ndani: kerneli 3.10, ya mwaka 2013. Walioitunza walifunga kazi Novemba 2017, na mwezi mmoja tu kabla, Mathy Vanhoef wa KU Leuven nchini Ubelgiji alikuwa ametangaza tundu la KRACK katika WPA2, kufuli ambalo karibu kila nyumba yenye Wi-Fi ilikuwa ikilitegemea. Anayetumia mfumo ulioachwa kabla ya hapo anaishi na tundu hilo bado asipoliziba mwenyewe. Kiendeshi nacho kimefungwa kwenye kerneli ile ile na hakihamii mpya, na bodi ilishaondoka kwenye orodha ya bidhaa. Lakini picha zake zingali nzuri dukani, zikiwa na alama kubwa ya Wi-Fi na nyingine ya Bluetooth, rangi ya samawati.

Kazi halisi inafanywa na watu wasiolipwa na kampuni yoyote kati ya hizi. Wale wa jumuiya ya linux-sunxi, na baadaye wa Armbian, walikaa na bodi ambazo waliozitengeneza walishazisahau, wakazipima pini, wakaziandikia miti ya vifaa, wakazihamishia kwenye kerneli za leo. Faili lililoamsha saa ya msikiti nililitoa kwao, limeandikwa juu yake maelezo mafupi ya mtu fulani aliyekuwa na bodi karibu ya aina yangu na hasira sawasawa na zangu. Muuzaji, nilipomweleza kwamba tatizo limekwisha, aliniomba ruhusa ya kuwapelekea faili hilo wateja wengine.

Sasa ametoa toleo jipya la bodi. Jina ni lile lile, kisanduku kile kile, matundu ya skrubu pale pale, na moduli ni nyingine kabisa, jambo ambalo hakuliona la kutaja popote. Nilipomwandikia kuomba famwea yake nilijibiwa siku hiyo hiyo, kwa heshima zote. Rafiki mpendwa alitaka kwanza kujua kama nitachukua vipande elfu kumi.