Barua ya Wazi kwa Wenye Ratiba

Kwa Uongozi wa Ligi ya Vyuo ya SEC,
Birmingham, Alabama,
Marekani.

YAH: SHUKRANI KWA KUWARUDISHIA WATU KILICHOKUWA CHAO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Mimi sikusoma Austin wala College Station, na tiketi sina, hivyo hamna cha kuninyang'anya. Naandika kuwapongeza kwa kurudisha mechi ya watani wa jadi, Chuo Kikuu cha Texas na Texas A&M, katika ule mpira wa Wamarekani unaobebwa mikononi kuliko unavyopigwa teke.

Watani hawa walianza kupambana 1894. Kuanzia 1915 walikutana kila mwaka, na hata Vita Kuu ya Pili ya Dunia haikuwasimamisha. Kilichowaweza ni televisheni. Mwaka 2011 kampuni ya televisheni ya ESPN iliingia mkataba wa dola milioni 300 kwa miaka 20 kuendesha chaneli ya Texas peke yake. A&M wakaona hawawezi kukaa nyumba moja na ndugu aliyejengewa ghorofa lake uani; 2012 wakahama ligi ya Big 12 waliyokuwa pamoja, wakaja kwenu. Texas nayo ikatangaza kwamba ratiba yake imejaa kwa miaka kadhaa. Chuo chenye maprofesa wa hisabati kilikosa Jumamosi moja.

Mechi ya mwisho ilichezwa usiku wa Sikukuu ya Shukrani, Novemba 24, 2011. Saa ikielekea sifuri, Justin Tucker akapiga teke la yadi 40, Texas ikashinda 27-25. A&M wakabaki kusubiri marudiano, wakasubiri miaka 13.

Hawakukaa bure lakini. Mliwapangia A&M mtani mpya, South Carolina, aliyeko zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara, wakakutana naye kila msimu tangu 2014. Texas nao wakawa wanasafiri hadi West Virginia kutafuta ushindani, ilhali jirani yao yuko mwendo wa saa mbili kwa gari. Nyimbo za vyuo vyote viwili humwambia mwenzake kwaheri, na mashabiki waliendelea kuziimba kwa sauti kubwa mbele ya wageni wasiohusika. Mwaka 2013 mbunge mmoja wa Texas aliwasilisha muswada wa kuvilazimisha vyuo hivi kucheza. Haukupita. Sheria haikuwa na fedha za kutosha kuwashawishi.

Fedha mlikuwa nazo ninyi. Texas ilipojiunga nanyi Julai 2024, chaneli yake ikafungwa, ratiba ikapata nafasi, na Novemba 30 zaidi ya watu 100,000 wakajaa Kyle Field, uwanja wa wenyeji, kuona Texas ikishinda 17-7. ESPN iliyotangaza utengano ndiyo inayotangaza upatanisho. Ni mganga hodari anayeuza sumu asubuhi na dawa jioni, na zote mbili kwa mkataba wa muda mrefu.

Kwa unyenyekevu, naomba ufafanuzi kuhusu mambo mawili. Kwanza, mechi imerudi bila siku yake. Badala ya Alhamisi ya Shukrani, 2024 ilichezwa Jumamosi, na 2025 Ijumaa. Je, siku nayo inauzwa kando?

Pili, Chuo Kikuu cha Oklahoma. Mlipoichukua pamoja na Texas, mlimwacha nyuma mtani wake, Oklahoma State, na mechi yao ya mwisho ikawa ile ya Novemba 2023. Yaani kuponya utani mmoja mmeua mwingine. Nadhani si kosa bali ni akiba: mkiwatenganisha sasa, baada ya miaka 13 mtakuwa na marudiano mengine ya kihistoria ya kuuza. Napendekeza mwanze kuchapisha mabango mapema.

Mashabiki wa Oklahoma wasinung'unike. Wawaulize wenzao wa Texas: utani haufi kwa kukosa uwanja. Mtu huzaliwa, husoma na huhitimu bila kuona mechi hata moja, na bado anajua nani wa kumcheka. Huo ndio mtaji wenu, na hamkuutengeneza.

Wenu katika ujenzi wa ratiba,

Mtazamaji Asiye na Tiketi

Nakala:
ESPN – kwa utekelezaji
Wakuu wa vyuo husika – kwa saini tu
Mashabiki – kwa taarifa, baada ya uamuzi kufanyika