Milimita 28.5 za Hewa

Nimenunua hewa, na risiti ninayo. Adapta ya kuvalisha lenzi ya zamani kwenye kamera ya kisasa isiyo na kioo ni bomba la chuma tu: mdomo mmoja wa kushika lenzi, mwingine wa kukaa kwenye kamera, katikati patupu. Ukipuliza huku, upepo unatokea kule. Muuzaji aliponitajia bei nilimwuliza hasa ninalipia nini. Akanijibu bila haya, "Bosi, unalipia umbali."

Kinachoudhi ni kwamba alisema kweli. Lenzi za Nikon za mfumo wa F, ulioanza mwaka 1959, zilitengenezwa zikae milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, kwa sababu katikati palihitajika nafasi ya kile kioo kinachoruka kila ukibofya. Mwaka 2010 Sony wakaja na mfumo wa E, kioo hakuna, umbali umeshuka hadi milimita 18. Nikon wenyewe walipoanza mfumo wa Z mwaka 2018 wakateremka hadi 16. Chukua 46.5 utoe 18, zinabaki 28.5 za hewa, nami nimezilipa taslimu. Tangu hapo karibu kila lenzi iliyosahaulika kabatini inapata kamera ya kuivaa, na watu wenye akili timamu wanaacha lenzi zinazojifokasi zenyewe, wanakwenda kutafuta za kuzungusha kwa mkono.

Mimi ni mmoja wao. Yangu ni makro, lenzi ya kupiga wadudu kwa karibu, ya milimita 200, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, nzito, na pete yake ya kufokasi ukiianza leo unaimaliza baada ya chakula cha mchana.

Zamani angalau tulikuwa na visingizio. Ukifunga tundu la lenzi hadi f/16 kabla ya kubofya, kwenye kitazamio kunaingia giza. Picha ikiharibika unasema giza, watu wanaelewa. Sasa kitazamio ni skrini ndogo. Inajiongezea mwanga yenyewe, inakuza mdudu mara kumi, na inapaka rangi nyekundu kila ukingo uliokaa sawasawa. Msaada umezidi mpaka mtu hana pa kujificha.

Na hiyo rangi nyekundu nina ugomvi nayo. Inatangaza makubaliano kama mshenga: kila upande umekubali, mahari imepokelewa, hakuna tatizo. Unabofya, unakwenda kutazama kwenye kompyuta, kumbe jicho halijakubali chochote. Rangi hiyo haijui jicho ni nini, inatafuta tu mahali ambapo weusi na weupe vinagongana, na ubawa wa mdudu umejaa vigongano vya namna hiyo. Basi ubawa unang'aa wekundu, wewe unafurahi.

Mdudu mwenyewe ni kerengende. Nawafuata kwenye bustani za mchicha za bonde la Msimbazi wakati wa vuli, wanapojaa juu ya matuta, wa rangi ya manjano inayokaribia dhahabu. Wataalamu wanamwita Pantala flavescens. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson alichapisha hoja kwamba hawa hutoka India, hupitia Maldives, kisha huvuka bahari hadi Afrika Mashariki wakibebwa na pepo za msimu, majira yale yale ambayo kaskazi ilikuwa ikileta majahazi. Hoja hiyo naiamini kabisa. Kiumbe asiyetaka kutua hata nukta mbili juu ya kijiti changu ndiye hasa wa kuvuka bahari bila kupumzika.

Kijana mmoja anayemwagilia pale huwa ananionea huruma. "Shikamoo anko. Bado tu?" Marahaba, bado tu. Siku moja akatoa simu yake anionyeshe njia. Simu nyingi, zikitaka kupiga kitu cha karibu sana, huhamia kwenye lenzi yao pana, na hiyo inataka uisogeze hadi sentimita chache usoni pa mdudu. Kivuli cha mkono kilifika kwanza. Kerengende akaondoka, nami nikakohoa kwa heshima. Ndiyo sababu, nikamweleza, nimebeba mzigo huu: lenzi yangu inafokasi nikiwa sentimita 71 kutoka sensa hadi kwa mdudu, na inamtoa nusu ya ukubwa wake halisi. Hajui kama nipo. Kijana akasikiliza kwa adabu, akamgeukia kiwavi aliyekuwa juu ya jani, asiye na pa kwenda, akapata picha safi akaiweka statasi papo hapo. Imeangaliwa na watu wengi, aliniambia, ingawa sikumwuliza.

Sasa nieleze milimita 3, kwa sababu nyumbani wamekataa kunisikiliza. Kwa ukubwa huo wa nusu, tundu likiwa f/8 na sensa ikiwa kubwa kama filamu ya zamani, kinachotoka wazi ni unene wa milimita kama 3 hivi. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Kerengende ana urefu wa karibu sentimita 5. Akikaa ubavu kwa ubavu na kamera, sawa. Akigeuka kidogo tu, uchague kichwa au mkia. Ukifunga zaidi, hadi f/16, unapata kama mara mbili, lakini mwanga unabaki robo, na kazi ya karibu yenyewe tayari imeshakula sehemu yake. Kasi ya shata inashuka. Upepo nao ndio kwanza umeamka.

Hapo ndipo wanaokushauri uzungushe pete polepole wanaponichosha. Pete unaiweka mara moja, halafu unaiacha. Kinachofokasi ni kiuno. Unainama mbele kidogo, unarudi nyuma kidogo, na katika ile safari ya kwenda na kurudi milimita 3 zako zinapita juu ya jicho, ndipo ubofye. Mtu akinitazama kwa mbali anaona mzee anaisujudia mboga. Wanawake wanaochuma mchicha walishaacha kuuliza. Sasa wananipa pole tu, kwa sauti ile wanayompa mfiwa.

"Lakini kamera yako si ina kitulizo cha mtikisiko?" aliniuliza shemeji, anayesoma matangazo. Inacho. Na kwa kuwa lenzi ya zamani haina waya wowote wa kuzungumza na kamera, kila nikiivaa lazima niingie kwenye menyu niiambie mashine kwa mkono kwamba hii ni milimita 200, vinginevyo itatuliza mtikisiko wa lenzi nyingine isiyokuwepo. Nikishamaliza kuiarifu, inatuliza kwenda kulia, kushoto, juu, chini. Kwenda mbele na kurudi nyuma, ambako ndiko mimi ninakoyumba, haina dawa. Unakuza mara kumi, unashusha pumzi, na unaona mapigo ya moyo wako yakimsogeza mdudu.

Stendi, bila shaka, nimeshaambiwa. Stendi nzuri inamalizika kufunguliwa kerengende akiwa amekaribia Kibaha.

Jumamosi iliyopita mmoja akatua. Akaning'inia kwenye kijiti, mwili wima, upepo umekata, jua liko begani kwangu. Nikainama, nikarudi, nikainama, wekundu ukawaka kila mahali, nikabofya mfululizo mpaka betri ikaanza kulalamika. Jioni nikamwita mke wangu, nikamkuzia ile iliyo bora kwenye skrini ya kompyuta, nikamweleza habari za India, Maldives na bahari yote ile. Akavaa miwani. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Baba Tatu, hili jani la nyuma limetoka vizuri sana," akasema. "Ni mchicha gani huu?"